Wavulana Huchelewa Kusema?

Mwandishi aliyetushauri tungoje mpaka mtoto atimize miaka 3, eti wavulana huchelewa kusema, ametazama mdomo tu. Dalili za usonji huweza kuonekana kabla ya maneno. Mtoto wa mwaka 1 hageuki akiitwa jina, ilhali mfuniko wa sufuria ukianguka jikoni anashtuka. Wa miezi 18 hakunyooshei kidole paka ili nawe umwone. Bibi anayemlea huligundua hilo mapema, ila huambiwa ana wasiwasi. Dalili moja si hukumu, nakubali. Lakini chama cha madaktari wa watoto Marekani kinashauri watoto wote wachunguzwe usonji wakiwa na miezi 18, kisha 24. Mama, ukiona dalili hizi, mpeleke mtoto kliniki sasa, wampime na masikio.