Roketi ya Fashifashi Haisukumi Hewa

Kila mwaka unapokaribia kuisha, polisi hutangaza kwamba ni marufuku kuwasha fataki bila kibali. Tangazo linasikika, lakini sababu hazielezwi, na pengo hilo hujazwa na maneno ya vijiweni. Mkoa wa Katavi una nyumba za nyasi, machimbo ya dhahabu na mashamba yanayopakana na hifadhi. Hapa maneno hayo yanaweza kumtoa mtu jicho.

Neno la kwanza: eti roketi ya fashifashi, yaani ya fataki za sherehe, hupaa kwa kuisukuma hewa iliyo chini yake. Si kweli. Ndani ya bomba lake la karatasi mna baruti nyeusi, ambayo kwa kawaida ni asilimia 75 nitrati ya potasiamu, 15 mkaa na 10 salfa. Nitrati ndiyo inayobeba oksijeni, kwa hiyo moto wa ndani hauhitaji kuvuta hewa ya nje. Baruti ikiwaka, gesi ya moto hutoka kwa kasi kupitia tundu jembamba la chini. Gesi inatupwa chini, bomba linatupwa juu. Vivyo hivyo, mvuvi wa Karema akisimama kwenye mtumbwi na kurusha jiwe zito mbele, mtumbwi hurudi nyuma, hata kama jiwe halijagusa kitu chochote. Isaac Newton aliiandika kanuni hiyo mwaka 1687. Hata wasomi wamewahi kuteleza hapa: mwaka 1920 gazeti la The New York Times lilimkejeli mtaalamu wa roketi Robert Goddard kwa kusema roketi inaweza kufanya kazi kusiko na hewa. Lilijisahihisha tarehe 17 Julai 1969, Apollo 11 ikiwa njiani kwenda mwezini. Ukweli ni kwamba hewa huizuia roketi, na kusikokuwa na hewa ndiko inakokwenda vizuri zaidi.

Wengine husema kile kijiti kirefu cha roketi ni cha kushikia tu, ukikivunja hakuna kinachoharibika. Kijiti ndicho usukani. Kinavuta uzito kuelekea nyuma, na roketi inapotaka kupinda, hewa inakisukuma na kuirudisha kwenye mstari. Ukikivunja, roketi itageuka ikiwa bado inawaka, iende kwenye paa la jirani au kwenye uso wa mtoto. Na isishikwe mkononi hata ikiwa na kijiti. Isimikwe kwenye chupa au bomba lililozikwa ardhini.

Kuhusu rangi za fataki, hakuna unga wa rangi wa dukani ndani yake. Ni chumvi za metali zinazotoa mwanga zinapopata joto: stronshiamu nyekundu, bariamu kijani, sodiamu njano. Buluu hutoka kwenye shaba, nayo ni ngumu kuliko zote, kwa sababu moto ukizidi kidogo ile kemikali inayotoa buluu huvunjika.

Dai ninaloliogopa kuliko yote ni kwamba fataki ya mgodini na ya sherehe ni kitu kimoja. Hapa Katavi, Mpanda ni mji wa migodi tangu enzi za madini ya risasi ya Mukwamba, yaliyoletewa reli kutoka Kaliua, na leo wachimbaji wadogo wanafuata dhahabu Dirifu na kwingineko. Fataki ya mchimbaji ni kimrija cha metali chenye kilipuzi kikali, kazi yake kuvishtua vilipuzi vilivyoshindiliwa kwenye mwamba. Baruti nyeusi ya roketi huungua, moto ukitembea kutoka punje hadi punje. Kilichomo kwenye kimrija hakiungui hivyo: kinapasuka kwa wimbi la mgandamizo linalokwenda kilomita kadhaa kwa sekunde moja. Hakipai wala hakitoi nyota. Ukikibana kwa meno, ukikipiga jiwe au ukikitupa jikoni, vidole vinaondoka. Mtoto akikiokota kwenye kifusi asikiguse, amwite mtu mzima, na mtu mzima awaite polisi au msimamizi wa machimbo.

Wakulima wanaopakana na Hifadhi ya Katavi nao huambiwa kwamba fataki ndiyo dawa ya tembo. Inasaidia, lakini tembo ana akili: akisikia mshindo usiku baada ya usiku bila kuumia, anauzoea na kuendelea kula mahindi. Bora kuanza na tochi kali, honi na moshi wa pilipili, fataki ikabaki ya mwisho, mikononi mwa waliofunzwa.

Neno la mwisho ni lile la kwamba roketi iliyogoma imekufa. Utambi unaweza kuwa unafuka ndani bila moshi kuonekana. Usiiinamie, usiiwashe tena. Kaa mbali angalau nusu saa, kisha iloweke kwenye ndoo ya maji hadi asubuhi.