Neno "Smati"
Mwanafunzi ashukaye matatu hapa Runyenjes, kando ya barabara itokayo Embu kwenda Meru, hali sare yake imepigwa pasi na viatu vinang'ara, huambiwa na mama muuza ndizi kwamba yu smati, yaani nadhifu na maridadi, ilhali Mmarekani angelifahamu neno hilo kuwa sifa ya akili. Na la kustaajabisha mno ni kwamba asili yake, katika Kiingereza cha miaka zaidi ya 1,000 iliyopita, ilikuwa maumivu yachomayo, kama vile "kali" yetu ilivyotoka kwenye kisu ikaja kusifia suti. Enyi walimu, nawasihi: mnapomsifu mtoto kwa neno hili, mbainishieni iwapo mwasifu akili yake au shati lake.