Kufuli ya kidhibiti mwendo: Yamlinda abiria au muuzaji?

ALFAJIRI ya Oktoba 10, 2018, basi lililokuwa likitoka Nairobi kuelekea Kakamega lilibingiria karibu na Fort Ternan, kwenye barabara ya Londiani-Muhoroni, na zaidi ya watu 50 wakafariki. Mwezi mmoja baadaye, Novemba 12, serikali ilianzisha msako nchini kote kutekeleza upya zile kanuni zinazojulikana kwa jina la marehemu John Michuki. Matatu zilitoweka barabarani kwa siku kadhaa, abiria wakatembea kwa miguu, na mafundi wa vidhibiti mwendo wakapata kazi usiku na mchana.

Kanuni hizo, zilizochapishwa 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004, ziliagiza kila gari la abiria, na kila gari la biashara lenye uzani unaozidi kilo 3,048 likiwa tupu, liwekewe kifaa cha kulizuia kupita kilomita 80 kwa saa. Miaka zaidi ya 20 imepita. Tumebishana sana kuhusu madereva, polisi na hongo, lakini ni nadra kusikia swali kuhusu kifaa chenyewe: ndani yake mna nini, na nani ana ruhusa ya kukifungua?

Kiini cha kidhibiti cha kidijitali ni chipu moja ndogo, ambayo wahandisi huiita maikrokontrola. Kihisio kilicho kwenye giaboksi huituma mipigo ya umeme kadiri magurudumu yanavyozunguka. Chipu huihesabu, huigeuza kuwa kilomita kwa saa, na mwendo ukifika 80 hupunguza mafuta yanayoingia kwenye injini au huidanganya injini kwamba dereva ameinua mguu kwenye pedali. Kazi hii huongozwa na programu iliyoandikwa ndani ya chipu, pamoja na tarakimu moja muhimu: idadi ya mipigo inayolingana na kilomita moja.

Tarakimu hiyo ndiyo roho ya mambo. Chukua gari linalotoa mipigo 4,000 kwa kilomita. Fundi mwenye nywila ya muuzaji akiandika 5,000 badala yake, gari litakimbia kilomita 100 kwa saa huku kifaa kikisoma 80. Lakiri ya risasi itakuwa mahali pake, cheti kitakuwa halali, na askari wa trafiki aliyesimama kwenye makutano ya Londiani hataona kasoro yoyote.

Hapa ndipo wauzaji huleta hoja ya kufuli. Chipu za aina hii huwa na sehemu ambayo ikishawashwa kiwandani, programu haiwezi kusomwa tena kutoka nje. Muuzaji husema kufuli hiyo inamzuia mhalifu kuchezea mwendo. Ni kweli kwa kiasi, lakini kwanza inamzuia mshindani kunakili kazi yake, jambo ambalo ni haki yake, na pia inamzuia mwenye gari na mkaguzi wa serikali kujua alichouziwa.

Wala kufuli yenyewe si ya chuma. Mwaka 2002, watafiti Sergei Skorobogatov na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba kwa darubini na taa ya kamera ya mtumba iliyowagharimu takriban dola 30, waliweza kugeuza taarifa zilizohifadhiwa ndani ya chipu iliyotumika sana wakati huo. Tangu hapo watengenezaji wameimarisha kinga, na wavunjaji nao hawajalala.

Hata hivyo, mhudumu wa matatu anayetaka kukimbia hahitaji maarifa ya Cambridge. Hukata waya wa kihisio, au huficha swichi chini ya dashibodi, akaiwasha anapoona kizuizi cha polisi. Kufuli ya chipu haimgusi kabisa. Anayeguswa ni yule mwenye gari anayetaka kutii sheria.

Huyu, kifaa chake kikiharibika, hana fundi mwingine wa kumwendea. Nywila iko kwa muuzaji, na hata cheti cha kila mwaka hutegemea muuzaji yuyo huyo. Muuzaji akifunga duka, au akiondolewa katika orodha ya walioidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA), kifaa kilicho kizima hugeuka chuma kikuukuu. Wenye matatu walionunua vifaa vya kwanza wakati wa Michuki walitakiwa baadaye kununua vya kidijitali, kisha vile vinavyohifadhi na kutuma taarifa za mwendo. Kila zamu gharama ilibebwa na mwenye gari, naye akamtwika abiria.

Tusikitarajie kifaa hiki kifanye kisichoweza. Hukata mafuta tu, hakishiki breki. Lori lililowaparamia wachuuzi, bodaboda na matatu katika makutano ya Londiani Juni 30, 2023, na kuua zaidi ya watu 50, lilikuwa limekosa udhibiti, na gari zito linaloteremka mlima husukumwa na uzani wake hata injini ikizimwa. Katika ajali ya namna hiyo, manufaa ya kidhibiti ni kumbukumbu ya mwendo kabla ya mgongano. Lakini kumbukumbu isiyoweza kusomwa ila na aliyeuza kifaa ni ushahidi wa shaka, kwa sababu muuzaji huyo ana maslahi katika kesi.

Marekani ililipia somo hili. Julai 2015, shirika la serikali la kulinda mazingira, EPA, lilipinga pendekezo la kuwaruhusu wenye magari kufungua na kuchunguza programu za magari yao. Septemba 18 mwaka huo huo, shirika hilo hilo likatangaza kwamba kampuni ya Volkswagen ilikuwa imeficha ndani ya programu zake mbinu ya kudanganya vipimo vya moshi. Udanganyifu ulianza kufichuka baada ya watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia kupima magari yakiwa barabarani badala ya kuamini maabara. Oktoba ruhusa ile ilitolewa, ikaanza kutumika mwaka mmoja baadaye.

Hapa kwetu, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamwachia mtumiaji halali wa programu nafasi ya kurekebisha kasoro zake, na wakati huo huo inaharamisha kuvunja vizuizi vya kiteknolojia. Fundi wa Kericho anayetengeneza kidhibiti ambacho muuzaji wake ametoweka anasimama katikati ya vifungu hivyo viwili.

Shirika la Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) ndilo huweka viwango vya vifaa hivi, na kwa maoni yangu lingeweza kudai mambo mawili kabla ya kifaa kuidhinishwa: nakala ya programu, pamoja na funguo zake, iwekwe kwake chini ya ulinzi na ifunguliwe kwa amri ya mahakama au muuzaji akiacha biashara, na tarakimu ya mipigo isomeke kwa mkaguzi yeyote bila nywila, hata kama kuibadilisha kunahitaji ruhusa. Wauzaji watasema nakala hiyo itavuja na kuangukia mikononi mwa washindani. Hofu hiyo ina msingi, ukizingatia siri zetu za serikali zilivyo. Lakini hili la pili halifichui siri yoyote ya biashara. Ni tarakimu moja tu, na askari wa Londiani angeisoma kwa dakika moja.