Kelele za Uwanjani Zina Maana Yake

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno juu ya shauri ambalo nimesikia likizungumzwa na wanafunzi wa sasa, yaani kukataza ngoma, filimbi na miluzi katika mechi za shule. Wanaolitaka wanasema watazamaji wapige makofi tu, kama watu wenye adabu. Mimi ni mwanafunzi wa zamani, sasa nafanya kazi mjini Mbarara, na kila nijapo Kabingo kuwaamkia wazee wangu husimama jioni kando ya uwanja. Naona shauri hilo lina nia njema, lakini ni dawa isiyolingana na ugonjwa.

Sote twajua Nakivale ilivyo. Wakimbizi kutoka Rwanda walianza kupokelewa hapa mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, wote wakakaa jirani na wenyeji, Wanyankole. Kila watu walikuja na mapishi yao, salamu zao, na namna yao ya kupiga kelele. Hii ya mwisho hatuifikirii, kwa kuwa kila mtu hudhani kelele ni kelele tu. Sivyo. Kelele ni lugha, na asiyeijua huisikia vibaya.

Nitasimulia niliyoyaona mwenyewe. Nilipokuwa kidato cha pili tulicheza na shule moja ya jirani. Mlinda mlango wetu alikuwa kijana aliyekuja karibuni kutoka Kivu. Zikiwa zimebaki dakika chache alidaka penalti. Sisi tuliokulia hapa tukatia vidole vinywani, tukapiga miluzi kwa nguvu zetu zote, maana kwetu hiyo ndiyo sifa kubwa. Yule kijana akatutazama, akauweka mpira chini, akavua glavu zake na kutoka uwanjani. Rafiki zake wakatujia wamekunja ngumi. Mechi ikavunjika.

Jioni ndipo alipotuambia, machozi yakimlengalenga: “Nimewaokoa, nanyi mnanizomea?” Huko alikojifunzia mpira, mchezaji apigiwaye miluzi ni yule aliyeharibu. Baadaye nilipata kujua kwamba hata katika Kifaransa, ambacho alikuwa amekisoma, neno la kupiga mluzi ndilo hilo hilo la kuzomea. Basi hakuwa na kiburi, wala sisi hatukuwa na ubaya. Tangu siku hiyo, akidaka mpira tulimwita jina lake mara tatu kwa sauti moja, naye akawa mlinda mlango wetu mpaka tulipomaliza shule.

Tena yapo mambo ambayo tungepatana, kama tungesikilizana. Vigelegele vya furaha Wanyarwanda na Warundi huviita impundu, na Wanyankole huviita empundu. Ukelele wa kuomba msaada Mnyarwanda huuita induru, na Mnyankole enduru. Majirani hawa hutenga sauti ya harusi na sauti ya hatari vile vile, na kwa majina yanayokaribiana mno. Waswahili nao hutenga vigelegele na mayowe.

Sitaki kuficha kwamba wenye shauri hili wana hoja moja nzito. Miongoni mwetu wamo waliokimbia vita juzi tu. Niliwahi kumwona mama mmoja mgeni, goli lilipofungwa na watu wakanguruma, akawakusanya watoto wake na kukimbia nao. Aliyecheka siku ile alikosa utu. Kwa hiyo nakubali kabisa kwamba fataki, na kila kitu kinacholia kama bunduki, kisiingie uwanjani. Wala matusi ya kabila la mtu yasiitwe ushangiliaji. Lakini ngoma ya dumu haikumkosea mtu yeyote.

Tutazame na ulimwengu. Mwaka 2010, Kombe la Dunia lilipochezwa Afrika ya Kusini, wengi walitaka vuvuzela zikatazwe. FIFA ilikataa, kwa kuwa ndiyo desturi ya wenyeji. Mwaka huo huo chama cha mpira cha Ulaya, UEFA, kilizikataza katika mashindano yake, kikisema zinafunika nyimbo na sauti za washangiliaji. Mimi naona wote wawili walikuwa na haki: mwenyeji apige chombo chake, ila chombo kimoja kisizime sauti za wengine wote.

Katika Kombe la Afrika lililoanza Morocco Desemba 2025, Mkongo mmoja, Michel Kuka Mboladinga, alishangilia kwa kunyamaza. Wenzake wakipiga ngoma na kuimba, yeye alisimama mechi nzima bila kutikisika, mkono wa kulia juu, mfano wa sanamu ya Patrice Lumumba, aliyeuawa mwaka 1961. Kongo ilipotolewa na Algeria Januari 2026, mchezaji mmoja wa Algeria aliuiga msimamo ule kwa dhihaka. Alipoelezwa maana yake akaomba radhi, akasema hakujua. Ni kisa chetu cha miluzi kilichotokea tena mbele ya macho ya Afrika nzima. Hakikumalizwa kwa kukataza watu kusimama, bali kwa kuelezana.

Kwa hiyo natoa shauri langu. Kabla ya mechi, viongozi wa michezo wa pande mbili wakae dakika tano na kuulizana: kwenu mnasifu vipi, na mnazomea vipi? Kisha kila mmoja awaambie watu wake. Wageni waliofika karibuni wajulishwe mapema kwamba leo kuna mpira, wasishtuke. Kazi hii haina gharama, na naona itatufundisha jiografia na historia kuliko ramani ya ukutani.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi siku ile hatukuuliza, na mechi ikavunjika tukiwa tunaongoza kwa goli moja. Ninyi mnaocheza leo msirudie kosa letu, wala msilitibu kwa kunyamazisha uwanja.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Zamani, Mbarara