Kompyuta Nayo Ikaguliwe

Siku hizi mwajiri akitaka kujenga kiwanda, wahandisi huingiza ramani ya jengo katika kompyuta. Kompyuta hukadiria jengo litatumia umeme kiasi gani kwa mwaka, na joto la ndani litafika wapi. Kwa makadirio hayo huamuliwa unene wa kuta, aina ya paa na ukubwa wa madirisha. Sisi tutakaofanya kazi chini ya paa hilo huambiwa tu kwamba kompyuta imekwisha sema. Nasi tunauliza: nani ameikagua kompyuta?

Swali hili si la ujinga, maana wataalamu wenyewe wamelijali. Mwaka 1995 maabara ya taifa huko Colorado, Marekani, pamoja na Shirika la Kimataifa la Nishati, ilitoa jaribio liitwalo BESTEST. Kilichorwa kijumba kimoja cha karatasini, mita 8 kwa 6, chenye madirisha mawili ya kusini. Programu mbalimbali zikapewa kijumba kile kile na hali ya hewa ile ile. Kwa kuta nyepesi, makadirio ya kukipasha joto kwa mwaka yalianzia uniti 4,300 hivi hadi 5,700. Kwa kuta nzito yalishuka, yakawa kati ya 1,200 na 2,000 hivi.

Tunajifunza mambo mawili. Programu zote zilikubali kwamba kuta nzito zinasaidia; lakini hazikukubaliana kwa kiasi gani. Inayojitenga na wenzake hujulikana, na kosa lake hutafutwa. Mwaka 2001 jaribio hilo liliingizwa katika kanuni namba 140 ya ASHRAE, chama cha wahandisi cha Marekani.

Hata hivyo, mashahidi wengi wanaweza kukosea pamoja. Ushahidi wa mwisho ni jengo lenyewe. Kuanzia mwaka 1995, wachunguzi wa mpango wa PROBE nchini Uingereza walirudi katika majengo yaliyokwisha kujengwa, wakasoma mita na kuwauliza watu wanaofanya kazi humo. Mara nyingi matumizi yalizidi sana makadirio. Programu nzuri ikidanganywa kuhusu saa za kazi, idadi ya mashine au usimamizi wa mitambo, nayo itatoa jibu la uongo.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Kwanza, mwajiri ataje programu iliyotumika na aonyeshe kama imejaribiwa. Pili, zamu zetu na joto la mashine viulizwe kwetu kabla ya kuingizwa katika hesabu. Tatu, jengo likifunguliwa, kipimajoto kitundikwe pale tunaposimama kazini, mita isomwe mwaka mzima, na matokeo yalinganishwe na ahadi mbele ya wajumbe wa chama.

Mganga hajigangi. Wala kompyuta haiwezi kujitolea ushahidi, wakati jasho ni letu.