Cheti Changu Kinatafuta Mwenyewe

Najua nimepotea, wiki mbili nzima za test, halafu mtandao wa hosteli nao ukawa wa kuombea dua. Lakini leo sina habari za test. Leo nina hasira, na hasira zenyewe zinaanzia kwangu mimi.

Juu ya kitanda changu, pale nilipobandika ratiba, kuna cheti. Kina nembo mbili, saini mbili, na jina langu kwa ule mwandiko wa kujikunja-kunja kama kadi ya harusi. Kinasema nimetunukiwa kwa moyo wangu wa kujitolea kuwahudumia wasio na makazi. Nilipewa Ijumaa iliyopita kwenye hafla moja ya ukumbi wenye kiyoyozi, pamoja na fulana, soda na kuku robo. Tulikuwa wanafunzi 40. MC akatuita mashujaa, tukapigiwa makofi, tukapigwa picha, tukarudi kulala.

Sasa niwaambie alichofanya huyu shujaa. Jumamosi moja mwezi wa tatu tulipanda basi la kukodi, tukashuka Kariakoo mchana kweupe, tukagawa mikate, maji na sabuni kwa watoto kama 30 hivi. Tulikaa dakika 50. Nazijua maana dereva alikuwa anapiga honi. Katika hizo, 20 nzima zilikwenda kwenye picha. Kuna moja nimemshika bega mtoto wa miaka kumi hivi, sura yake yote inaonekana. Jina lake sikumuuliza. Basi. Huo ndo mchango wangu wote tangu nizaliwe.

Aliyetupeleka siku ile (maana sisi peke yetu wale watoto wangetukimbia) ni kaka mmoja ambaye wenyewe wanamwita Mjomba. Mchana anabeba mizigo sokoni. Aliwahi kulala nje mwenyewe akiwa mdogo, kwa hiyo anajua baraza gani mlinzi wake anapiga na baraza gani mlinzi anajifanya haoni. Usiku, siku nne kwa wiki, anazunguka na begi la mgongoni lenye bandeji, spiriti na panadol. Anajua nani anavuta gundi, nani kaanzishiwa dawa za kifua kikuu halafu kaziacha, na nani kashuka kwenye basi la mkoani juzi tu na bado anarudishika kwao kabla mtaa haujamzoea. Hicho cha mwisho jamani ni kazi ya kitaalamu kabisa, na hakuna aliyemfundisha. Pia kuna mama ntilie anayewawekea uji kila akifunga biashara, miaka sasa, bila kumwambia mtu.

Hawa wawili hawakuwepo ukumbini. Nilimuuliza mmoja wa waandaaji, akaniambia, "Hawakuwa kwenye orodha." Ndo hivyo. Kuku wa kuwaenzi wanaosaidia wasio na makazi tumekula sisi, na wanaosaidia wenyewe hawakuwa kwenye orodha.

Jumatatu nikakichukua cheti nikamfuata Mjomba sokoni, nimpe. Nilijiona nimefanya la maana sana. Akakisoma taratibu, akacheka.

"Jina lako hili mdogo wangu. Mimi nikipeleke wapi?"

Nikamuuliza, sasa wewe ungetaka nini? Nilitegemea aseme hela. Akasema kitambulisho.

Akanihadithia. Kuna mtoto alichanwa na chupa mkononi usiku wakigombania pa kulala. Mjomba akambeba mpaka hospitali. Wakamuuliza PF3 iko wapi, yaani ile fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa. Akaifuata kituoni. Pale akaulizwa swali moja tu, "Wewe ni nani yake?" Hana undugu naye, hana barua, hana kadi ya shirika, shati lina damu na saa ni nane usiku. Akawekwa ndani mpaka asubuhi kama mzururaji. Mtoto alishonwa baada ya yule mama ntilie kuamshwa na kwenda kulia mbele ya nesi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tunatumia neno moja kwa mambo mawili. Sisi tunasema "kuwatambua wanaojitolea" tukimaanisha kuwapongeza. Yeye anataka kutambuliwa, kwamba akisimama mbele ya afande au nesi ajulikane ni nani na anafanya nini.

Na hili sio suala la afande mmoja mwenye roho mbaya. Kanuni ya Adhabu yetu ilirithiwa kutoka kwa Mwingereza, ikiwa na vile vifungu vya 176 na 177 ambavyo vimekamatisha wazururaji miaka na miaka. Kimojawapo kinamgusa mtu anayeshukiwa, ambaye hana njia ya kujikimu inayoonekana na hawezi kujieleza vizuri. Sasa nani duniani anaweza kujieleza vizuri saa nane usiku mwenye damu shatini? Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, palepale Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji za namna hii zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Ni ushauri, sio hukumu, najua, wanasheria msinirukie. Lakini angalieni tarehe. Kesho yake, tarehe 5, ilikuwa Siku ya Kimataifa ya Wanaojitolea, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1985. Nina uhakika siku ile kuna mahali watu waligawiana fulana.

Kinachochekesha zaidi, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa akatoe taarifa. Mjomba ndo huyo mwanajamii. Akitoa taarifa anaulizwa yeye ni nani.

Mwenzangu wa chumba ananiambia nina wivu wa kujikosoa, eti makofi hayamuumizi mtu na vijana wakipewa vyeti watavutiwa kurudi. Sawa, tuhesabu. Fulana moja kuchapisha haipungui 12,000. Mara watu 40, ni 480,000. Begi la Mjomba pamoja na nauli linakula kama 4,000 kwa usiku, na anatoa mfukoni mwake. Zile fulana peke yake ni usiku 120, yaani wiki 30 za kazi yake. Kuku sijamhesabu. Na kuhusu kurudi: toka mwezi wa tatu, katika sisi 40, nani amerudi Kariakoo? Mimi sijarudi mpaka Jumatatu hii, na nilirudi kutoa cheti!

Halafu zile picha. Wale watoto wengine wamekimbia kipigo nyumbani, na baba wa kambo naye ana simu. Yangu nimeshaifuta. Ninyi wengine mnaojijua, futeni.

Msinielewe vibaya, sipingi mtu kushukuriwa. Yule mama ntilie ningependa siku moja aitwe mbele, watu wasimame. Ila aitwe baada ya Mjomba kupata karatasi yake. Nimeshaandika rasimu ya barua kwa afisa ustawi wa jamii kuomba atambulishwe rasmi kwa kituo cha polisi na hospitali, na mwenyekiti wa mtaa amesema atagonga muhuri akithibitishiwa na watu wanaomjua. Tunahitaji saini za tuliokwenda siku ile. Tulijaza majina haraka sana tulipoahidiwa vyeti, kwa hiyo sitegemei visingizio.

Alhamisi saa kumi jioni, pale kwenye vibanda vya stationery. Mkija na bandeji ni vizuri zaidi, alisema zilizobaki ni mbili. Fulana acheni hosteli.