Tusingoje Kinanda

Kwaya zetu za Morogoro zina watu wenye nyimbo moyoni, lakini hawatungi. Ukiwauliza, watasema, "Hatujasoma noti. Tungoje kinanda kwanza." Tunauita unyenyekevu. Mimi nasema ni hofu iliyovaa joho la kwaya.

Wengine hutaja mjenzi wa mnara katika Luka 14, kwamba tuhesabu gharama kwanza. Ni kweli. Lakini Yesu alisema tuketi tuhesabu, hakusema tuketi miaka kumi. Na yule mtumwa wa Mathayo 25 aliyefukia talanta alijitetea kwa nini? Kwa hofu. Bwana wake hakuupokea utetezi huo.

Padre Stephen Mbunga alitunga Misa Baba Yetu kwa sauti za kwetu kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujafunguliwa mwaka 1962. Hakungoja.

Mkulima wa Mgeta halimi mlima wote wa Uluguru kwa siku moja. Hukata tuta moja, kisha la pili. Nawe, Jumamosi hii njoo mazoezini na ubeti mmoja, hata kama ni mbovu. Ubeti mbovu kwaya itaurekebisha. Uliofukiwa moyoni hakuna atakayeuimba.